Je, Kufuta ni Kuanza Upya?

Ukiweka upya Windows XP kwa diski yake ya mwaka 2001 na kusafisha yote yaliyokuwamo, kompyuta huwaka kama iliyotoka dukani. Wengi huiita mpya. Mimi naona imesahau tu. Diski ile haijui kwamba Agosti 2003 programu haribifu iitwayo Blaster ilipenya kwenye mwanya wake na kuzimazima kompyuta duniani. Haina kiraka cha kuziba mwanya huo, na hata kinga yake ya mtandao huja ikiwa imezimwa. Ilianza kuja imewashwa mwaka 2004. Ukiiunganisha na intaneti hivyohivyo, ugonjwa uleule unaweza kuingia tena.

Baba yangu mdogo, tukizungumzia vita vilivyoanza hapa Burundi mwaka 1993, husema, “Tufute, tuanze upya.” Namwelewa: anataka watoto wake walale bila chuki. Lakini chuki na funzo vimehifadhiwa mahali pamoja, na ukifuta kimoja, kingine hakibaki. Fundi mzuri hutunza viraka kwenye diski nyingine kwanza, ndipo afute. Sisi tutavitunza wapi, ikiwa wazee wetu hawataki kusimulia?