UVUMI WA MCHANGA WA KWALE NA WAJIBU WA KUHAKIKISHA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo ndani yake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, hapana baraza katika miji yetu hii ya pwani ambalo halijapata kuzungumza khabari ya mchanga wa Kwale. Watu hukaa baada ya sala ya Isha, kahawa ikazungushwa, na mmoja akaanza: "Ule si mchanga wa rangi kama mlivyoambiwa. Ule ni dhahabu." Wa pili husema kwamba meli zilipakiwa usiku ili zisihesabiwe. Wa tatu huapa kwamba wako watu watatu tu, anaowajua yeye, ndio waliogawana mali yote. Na akitakiwa awataje, kila siku hutaja majina mengine. Kisha baraza huvunjika, na kila mmoja huenda zake nyumbani na neno la kumpa mkewe na jirani yake.

Leo twataka kulipima jambo hili kwa mizani ya dini yetu. Hatusemi kwamba hapana mtu anayekula haki ya watu. Wala hatusemi kwamba kila asemaye ameibiwa ni mwongo. Tusemalo ni hili: dai juu ya mali ya umma ni dai kama madai mengine, nalo lataka ushahidi, na mwenye kupiga kelele pasi na ushahidi humsaidia mla haki, wala hamdhuru.

Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat, aya ya 6, ametuamrisha kwamba akitujia mtu fasiki na khabari tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukabaki na majuto. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 12, ametukataza dhana mbaya, na kupelelezana, na kusengenyana. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba yamtosha mtu kuwa mwongo kuhadithia kila alisikialo. Tena ametuwekea kanuni ambayo makadhi wetu wanahukumu kwayo hata leo: lau watu wangepewa kwa madai yao tu, wangedai damu za watu na mali zao, lakini ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na yamini ni juu ya mwenye kukana. Je, kanuni hii ni ya mashamba na mirathi peke yake? La. Mali ya nchi ni kubwa zaidi, na jina la mtu katika jambo hilo huharibika zaidi.

Basi tuutazame mchanga wenyewe. Madini yaliyochimbwa Kwale ni ilmenaiti na rutaili, ambamo hutolewa titaniamu, na zirkoni. Sehemu kubwa ya titaniamu duniani hutumiwa kufanya weupe wa rangi za nyumba, karatasi na plastiki. Na zirkoni huingia katika vigae. Kampuni ya Kanada iitwayo Tiomin ndiyo iliyoanza kuitafuta mali hiyo katika miaka ya 1990. Mwaka 2010 kazi ikanunuliwa na Base Resources ya Australia. Uchimbaji ukaanza mwaka 2013, meli ya kwanza ikaondoka mwanzo wa mwaka 2014 kutoka Likoni, na kazi ikamalizika mwezi wa Desemba mwaka 2024, mwaka ule ule ambao kampuni hiyo ilinunuliwa na Energy Fuels ya Marekani.

Sasa, ndugu msomaji, zingatia. Kampuni hiyo hisa zake zilikuwa zikiuzwa katika soko la Australia na la London, na sheria za masoko hayo zaitaka kampuni itangaze hesabu zake. Kila miezi mitatu ilitangaza tani ngapi zimechimbwa na tani ngapi zimeuzwa. Sisi tulipokuwa tukibishana barazani kama meli zilipakiwa usiku au mchana, hesabu za shehena zilikuwa zikisomwa na watu wa Perth waliotia fedha zao humo. Wao walisoma kwa sababu walitaka kujua faida yao. Sisi hatukusoma, na ardhi ni yetu.

Na hesabu ya mgao je? Hiyo pia imeandikwa. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imeugawa mrabaha kwa mafungu matatu: 70 kwa mia ni ya Serikali Kuu, 20 kwa mia ni ya Kaunti, na 10 kwa mia ni ya jamii ya watu wa mahali palipochimbwa. Wengi wetu hudhani kwamba ile 10 kwa mia ni ya mali yote. Sivyo. Ni ya mrabaha tu. Tujaalie, kwa mfano tu, kwamba mrabaha ni shilingi 5 katika kila shilingi 100 za madini yaliyouzwa. Basi Serikali Kuu itapata shilingi 3 na senti 50, Kaunti shilingi 1, na watu wa mahali hapo senti 50. Kodi nyingine ni mbali, na faida baada ya gharama ni ya wenye kampuni. Hii ndiyo njia ya mali, nayo imeandikwa mchana kweupe.

Je, hata hizo senti 50 ziliwafikia? Mwaka 2023, miaka 7 baada ya sheria kutoka, watu wa Kwale walikuwa wangali wakiidai sehemu yao ya mrabaha. Hapa ndipo palipokuwa na dhulma ya kuonekana kwa macho, yenye kifungu cha sheria na yenye tarehe. Lakini ni mabaraza mangapi yaliyoizungumza? Tulishughulika na dhahabu isiyokuwako, tukaiacha haki iliyokuwako. Mwenye kutakiwa hesabu, akisikia watu wanamdai dahabu, hufurahi. Kwani dai hilo atalivunja kwa neno moja, na watu wataonekana wajinga, na lile dai la kweli litazikwa pamoja na la uwongo.

Huenda mtu akasema: "Lakini njama ziko! Mataifa makubwa yamekula mali za wanyonge kwa siri." Twajibu: naam, ziko. Tazama Iran. Mwaka 1901 mfalme wa nchi hiyo alimpa Mwingereza, William Knox D'Arcy, haki ya kutafuta mafuta kwa muda wa miaka 60, na sehemu ya nchi ikawa 16 kwa mia ya faida. Mwaka 1914 Serikali ya Uingereza ikanunua hisa zilizo nyingi katika kampuni ya mafuta hayo. Wairani walilalamika kwamba wanapunjwa, na kwamba hawaachiwi kuzikagua hesabu. Na kwa hakika kodi iliyoingia katika hazina ya Uingereza ilifika kuzidi mrabaha walioupata wenye nchi. Mwaka 1951 bunge lao likayataifisha mafuta, na Mohammad Mosaddegh akawa waziri mkuu. Mwezi wa Agosti mwaka 1953 akapinduliwa. Waliosema kwamba Marekani na Uingereza zilikuwa na mkono katika jambo hilo walikanushwa miaka mingi, hata mwaka 2013 karatasi za shirika la ujasusi la Marekani lenyewe zikatolewa, zikakiri. Basi dai lile lilikuwa kweli. Lakini angalia limethibiti kwa nini: limethibiti kwa mikataba, na hesabu, na karatasi zenye tarehe. Halikuthibiti kwa viapo vya barazani.

Na sasa tazama jirani zetu wa Tanzania. Mwezi wa Machi mwaka 2017 Serikali yao ilizuia mchanga wenye dhahabu usitoke nje, na makontena 277 yakazuiliwa. Kamati mbili za wataalamu zikatoa taarifa kwamba kilichomo ni kingi mno kuliko kilichoandikwa, na kampuni ya Acacia ikakana. Mwezi wa Julai mwaka huo kampuni ikadaiwa kodi, pamoja na faini na riba, dola bilioni 190. Mwisho wake ulikuwa nini? Mwezi wa Januari mwaka 2020 Serikali na Barrick, iliyokuwa imeichukua Acacia, walitia sahihi mapatano: dola milioni 300 zilipwe, na Serikali iwe na hisa 16 kwa mia katika migodi, na manufaa yagawanywe nusu kwa nusu. Hizo dola milioni 300 hazifiki hata sehemu moja katika sehemu 600 za lile dai. Hatuhukumu hapa nani alikuwa mkweli juu ya kilichokuwamo ndani ya makontena. Twasema tu kwamba idadi kubwa iliyotikisa dunia haikulipwa, na kilichobaki mikononi mwa nchi ni kile kilichopatikana kwa kuusoma mkataba upya na kuuandika vizuri zaidi.

Na kuusoma mkataba upya ni Sunna, ndugu zangu. Abyad bin Hammal alimjia Mtume (S.A.W.) akamwomba ampe chumvi ya Maarib, katika nchi ya Yemen, naye akampa. Alipoondoka, mtu mmoja aliyekuwapo akamwambia Mtume kwamba alichompa ni mfano wa maji yasiyokatika, yaani ni mali ya dhahiri isiyohitaji jasho, ambayo watu wote waihitajia. Mtume (S.A.W.) akairudisha. Tazama adabu iliyomo humu. Yule mtu hakwenda sokoni kunong'ona kwamba Abyad ametoa rushwa. Alisema mbele ya mwenye amri, akasema analolijua, akaeleza hali ya ile mali. Na mwenye amri, naye ni mbora wa viumbe, hakuona haya kubadili alilolitoa. Wala hapana aliyemwambia yule msemaji kwamba ni mchochezi.

Kadhaalika Ibnul Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka, aliporudi akasema hiki ni chenu na hiki nimepewa mimi zawadi, Mtume alipanda mimbari akalikemea jambo hilo mbele ya watu wote: lau angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, angeletewa zawadi hiyo? Basi kuwataka viongozi hesabu si fitina. Ni dini. Fitina ni kuwahukumu kabla ya hesabu, na fitina nyingine ni kuificha hesabu.

Nami sina budi kukiri jambo langu mwenyewe. Alikuwako mzee mmoja katika mtaa wetu, ambaye jamaa zake walikuwa miongoni mwa waliohamishwa mashambani mwao, naye alisimama kuwasemea. Pakazuka neno kwamba amepewa fedha anyamaze. Nalilisikia, sikuuliza, nikamwambia na mwingine. Watu wakawa wakimwitika salamu kwa shingo upande, na duka lake likapungua wanunuzi. Baada ya muda nikaona moyo wangu hauna raha, nikamwendea kumtaka radhi. Hakunigombeza. Aliingia ndani akatoka na bahasha, akanionyesha nakala za barua alizoziandikia ofisi moja, akiuliza hesabu ya mrabaha. Zilikuwa barua saba. Chini ya kila moja palikuwa na sahihi moja tu, yake. Akaniambia, "Mwanangu, wao hawakunijibu, na nyinyi hamkuniuliza." Nalirudi kwangu nikiwa sina la kusema. Wala hata leo siwajui wote waliolipokea neno langu ili niwaendee niwaambie kwamba nalisema uwongo.

Huenda mwingine akasema: "Sisi ni wanyonge, Kiingereza hatukijui, na hesabu ziko Nairobi na ng'ambo. Tuna silaha gani ila maneno?" Jawabu ni kwamba silaha iko, nasi hatujaishika. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 35, imempa kila raia haki ya kupewa khabari zilizo mikononi mwa Serikali. Na katika kifungu cha 71 imeagiza kwamba mapatano ya kutoa mali ya asili ya nchi yathibitishwe na Bunge. Tena Sheria ya Kupata Khabari ya mwaka 2016 imeruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika, afisa amwandikie. Na jawabu litolewe katika siku 21. Mwenyezi Mungu katika aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Suratul Baqara aya ya 282, ametuamrisha tuandike madeni na tushuhudize. Umma ulioamrishwa kuandika hauwi na udhuru wa kutosheka na uvumi.

Basi nasaha yetu ni hii. Kila msikiti uchague watu watatu au wane, na wawemo vijana waliosoma, wa kiume na wa kike. Wausome mgao, waandike barua, watie sahihi watu wengi, wahifadhi nakala, na majawabu yasomwe mbele ya watu. Akija mtu na khabari ya wizi, aulizwe kwa upole: umeona, au umesikia? Na uliyemsikia, yeye ameona? Akiwa na ushahidi, asimamiwe hata kama mshitakiwa ni mkubwa au ni jamaa yetu. Asipokuwa nao, aambiwe anyamaze hata kama mshitakiwa ni adui yetu. Kwani Mwenyezi Mungu katika Suratul Maida, aya ya 8, ametuonya kwamba kuwachukia watu kusitupeleke kuacha uadilifu.

Mchanga wa Kwale umekwisha kwenda. Lakini madini mengine yangali ardhini, na kesho watakuja wengine na mikataba mingine. Yatupasa watukute tumesoma.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu na heshima za ndugu zetu, atujaalie ushujaa wa kusema haki palipo na haki, na awasamehe tuliowadhulumu kwa maneno nao hawajui. Amin. Wallahu aalam.