Chujio Moja Halitoshi

Tangu mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa hapa Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, neno king'amuzi limeingia kila nyumba, hata huku kwetu Tandale kwa Mtogole. Juu ya mabati yetu yamejaa madishi, ambayo wengine huyaita ungo. Jina hilo limenifikirisha. Ungo hupepeta: mchele hubaki, makapi hutupwa. Je, ndivyo mitambo ya setilaiti inavyofanya kazi?

Setilaiti za televisheni hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na mawimbi yake hutufikia yakiwa hafifu mno, ujumbe mwingi ukija kwa pamoja. Katika vituo vikubwa vya kupokelea, mawimbi hugeuzwa kuwa tarakimu, kisha hupitishwa katika safu ya machujio ya kidijitali. Kila chujio ni hesabu tu ya kuzidisha na kujumlisha, na hupitisha masafa yake peke yake. Anayelibuni hana raha: akilegeza mipaka, ujumbe wa jirani huvuja; akiikaza mno, hesabu huongezeka na ujumbe huchelewa. Lakini lililonigusa ni hili: kile kinachokataliwa na chujio la kwanza ndicho kinachotafutwa na chujio la pili. Kelele kwa huyu ni habari kwa yule.

Hapo nikakumbuka kosa langu. Nilipokuwa mwalimu mkuu nilikuwa na chujio moja tu, nalo ni mtihani wa darasa la saba. Mama mmoja alinijia kuuliza mwanawe aliyefeli afanye nini. Kijana yule alikuwa akitutengenezea walimu redio zetu zilizoharibika. Nikamjibu, "Mama, huyu hana kichwa cha shule. Mtafutie kibarua." Chuo cha ualimu kilinifundisha kupima, mimi mwenyewe sikujiuliza kipimo changu kinaacha nini. Mama yule aliondoka kimya. Sijui mwanawe yuko wapi leo.

Kuchuja si dhambi. Bila kuchuja hatusikii lolote. Dhambi ni kushika chujio moja, kisha kuyaita makapi yote yasiyopita humo. Wewe uliye mzazi, mwalimu au kiongozi, una machujio mangapi?