Tanga la Siku Moja

Mji mkongwe wa Lamu, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, njia zake ni za miguu na punda. Kwa hivyo swali la mwenye gari la mbio, "nilifunge tairi gani na naliendesha kila siku?", huku kwetu ni swali la tanga.

Mashua inayoshindana wakati wa Maulidi ndiyo hiyo hiyo inayovua na kubeba watu siku nyingine. Tanga kubwa hushika hata upepo mwepesi. Lakini kusi ikivuma kwa nguvu, tanga hilo hilo huilaza mashua ubavu. Tairi nayo ni vivyo hivyo: mpira laini hung'ang'ania lami lakini huisha upesi, na tairi isiyo na mifereji huteleza mvua ikinyesha.

Rafiki yangu nahodha huniambia, "Ndugu yangu, jina hupatikana siku ya mashindano." Kweli. Mimi nalipwa makala moja moja, najua jina lina uzito gani.

Ila mabaharia wa mashindano wameichagua hatari wenyewe. Mama anayevuka kutoka Manda na mtoto mgonjwa hakuulizwa. Yeye hajui tanga lipi limefungwa kwenye foromali. Anamwamini nahodha, basi. Chombo cha kila siku kichaguliwe kwa ajili ya huyo asiyeulizwa.

Matanga mawili ni pesa, najua. Mwenye pesa za moja anunue dogo kwanza.