Kufagia Nyumba Isiyo Yetu



Hapa Nyarugusu, dumu likipasuka hatulitupi. Tunalikata kwa mshazari, tunaacha mshikio, linakuwa kizoleo. Mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa tunaukata vipande vyembamba vya kufungia ufagio. Gunia kuukuu linakuwa la kufutia miguu mlangoni.

Lakini mzee mmoja alituuliza: "Mnapamba nyumba ya nani? Mkizoea hapa, mtasahau kwetu." Hatukumcheka. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996, na wengine wetu tumezaa na kuzika hapa. Hofu yake ni ya kweli.

Tukarudi katika Yeremia sura ya 29. Nabii anawaandikia mateka wa Babeli wajenge nyumba na kupanda bustani; tena katika barua hiyo hiyo anawaahidi kurudi baada ya miaka 70. Hakuona kwamba jambo moja linaondoa lingine.

Basi tunafikiri hivi: nyumba si yetu, lakini mikono ni yetu. Siku ya kurudi hatutabeba kuta hizi za udongo; tutabeba mazoea. Mtoto aliyefundishwa kungoja katikati ya takataka atangoja vivyo hivyo hata akifika Fizi, Uvira au Burundi. Aliyefundishwa kufagia atafagia.

Kwa hiyo, mzee wetu, utusamehe. Tunafagia kwa sababu tunakumbuka kwetu. Ndiko mama zetu walikotufundisha kunyunyiza maji kwanza, ili vumbi litulie.

Bwana awabariki.