Kompyuta Ni Ile Ile?

Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 2025, tuliihamisha kompyuta yetu ya mezani kutoka Intel kwenda AMD. Soketi ya AM5, iliyotoka mwaka 2022, hupokea memori za DDR5 tu. Hivyo prosesa, ubao-mama na memori vyote vikatoka. Programu ikaiona mashine ngeni, ikadai leseni upya.

Lakini diski ni ya zamani, na ndani yake sauti ya marehemu mama ingali ikitusalimu. Je, ni kompyuta ile ile? Leseni yasema siyo. Sisi tuliobadili nchi na pasipoti twajibu: ndiyo, maadamu amana imehifadhiwa. Basi, ndugu wasomaji, diski nazo hufa, tuweke nakala.