Daftari la Madeni Nyumbani

Ziko nyumba ambamo mama anakumbuka hata siku aliyodharauliwa mbele ya wakwe, na baba hajasahau pesa za karo zilizopotelea kwenye chama. Ugomvi mpya ukizuka, yote husomwa upya.

Fungueni Mathayo 18:23-35. Mtumishi yule alidaiwa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ni ujira wa kibarua kwa siku. Pigeni hesabu: siku milioni 60 za jasho! Yeye aliomba muda tu. Mfalme akafuta deni lote. Naye akatoka nje, akamkaba koo mwenzake kwa ajili ya dinari 100.

Dinari 100 si kitu kidogo, ni zaidi ya miezi mitatu ya kazi. Yesu hakusema kosa la mwenzako ni bure, linauma kweli. Lakini ulipime ukikumbuka jinsi ulivyotoka kitubioni, ambako Mungu hakukusomea makosa uliyokwisha kuungama mwaka uliopita.

(Msinielewe vibaya. Anayepigwa asinyamaze na kuuita huo msamaha. Atafute usalama kwanza.)

Usiku wa leo, watoto wakishalala, kila mmoja ataje kosa moja la mwenzake ambalo tangu sasa hatamkumbusha tena. Anza wewe, baba. Mama akilia, usiharakishe kuzima taa.