Panya Ndani ya Kofia ya Mkubwa

Kitabu chenyewe ni chembamba. Binti yangu alikimaliza kwa jioni mbili. Mimi nimekaa nacho wiki nzima. Kinaitwa Ben and Me, kilitoka Marekani mwaka 1939, na Robert Lawson ndiye aliyekiandika na kukichora. Msimulizi ni panya. Jina lake Amos, kifungua mimba wa familia fukara hohehahe iliyoishi kanisani mjini Philadelphia. Njaa na baridi vinamtoa kwao kwenda kutafuta riziki, anatokea kwa Benjamin Franklin, yule mvumbuzi na mwanasiasa mashuhuri, na punde si punde amehamia ndani ya kofia yake ya manyoya. Hapo, jirani na sikio, anamnong'oneza mzee la kufanya.

Ukimsikiliza Amos, Franklin alikuwa wa kuvaa kofia tu. Lile jiko la chuma lililobeba jina lake? Wazo la Amos. Alikumbuka ndugu zake walivyoizunguka kokwa moja ya moto, wakapata joto wote sawasawa, wakati moto wa ukutani humchoma mtu uso na kumwacha mgongo ukitetemeka. Wala hafanyi kazi ya bure, kuna mkataba: jibini, mkate na ngano, na kwao kanisani wapelekewe. Ikifika habari ya jaribio la Franklin la tiara na umeme, lile la mwaka 1752, panya anajikuta juu kwenye radi bila kuulizwa. Anashuka manyoya wima, na urafiki unataka kuvunjika.

Ucheshi wa Lawson uko hapa: Amos anajisifu mpaka unaanza kumtilia shaka. "Baba, huyu panya naye!" binti yangu alisema, akicheka. Nikacheka pia, ila yangu ilikuwa na aibu ndani yake.

Zamani nilimwandikia mkuu wangu wa kazi hotuba. Ukumbi ulipiga makofi, magazeti yakainukuu, yeye akapongezwa, nami nikapata soda. Kisa hicho nimekisimulia mara nyingi, na kila nikikisimulia makofi huongezeka. Siku hizi watu husimama kabisa.

Nilipokifunga kitabu nikawakumbuka watu wawili ambao sikukutana nao humo. Mwaka 1757 Franklin alipovuka bahari kwenda London alifuatana na watumwa wawili, Peter na King. King alitoroka huko huko Uingereza. Baadaye sana, mwaka 1787, Franklin huyo huyo akawa rais wa chama cha Pennsylvania cha kupinga utumwa. Walioishi chini ya kivuli cha kofia ile kwa kweli walikuwapo, nao hawakuwa na mkataba wa jibini. Simlaumu sana Lawson. Aliwaandikia watoto wacheke, na wanacheka. Lakini inashangaza kwamba hata anayelalamika kuwa historia imemsahau, naye ana wake anaowasahau.

Hotuba ile niliiandika kwa mkono, mwandiko wa kuku. Aliyeichapa, akakaa ofisini mpaka saa tatu usiku, akarekebisha na jina la mgeni rasmi nililolikosea, ni katibu muhtasi wetu. Miaka yote hii ya kusimulia, leo ndiyo mara ya kwanza namtaja.